Kazi Isiyo na Cheti Nayo ni Kazi

Kwenye sekretariati za Gitega, Burundi, vile vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi, kijana anayekuja kutengenezewa CV hupewa ushauri uleule: usiandike kitu usichokuwa na karatasi yake. Wazazi wanaukubali, walimu wanaurudia, na kijana anaupokea kama fatwa. Mimi nasema ushauri huo umeharibu CV nyingi kuliko makosa ya tahajia.

Chukua kijana wa Muyinga aliyemaliza sekondari, kisha akakaa miaka minne Kobero, mpakani, akiuza mchele wa shangazi yake. Anapokea mizigo kutoka Kabanga, upande wa Tanzania. Anageuza shilingi kuwa faranga kichwani, anawatafsiria madereva wasiojua Kirundi, anajua mteja yupi hukopeshwa na yupi hulipa kwanza. Siku anapoomba ukarani katika ghala mjini Gitega, miaka yote minne inafutwa, kwa kuwa shangazi hakutoa cheti.

Pengo linazibwa na nini? Semina ya siku moja, kwa sababu palitolewa cheti cha kushiriki. Jina la baba, jina la mama, hali ya ndoa. Kusoma, kusafiri na mpira. Halafu zinakuja sifa zilizonakiliwa kutoka CV ya mteja aliyetangulia: mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari. (Na juu kabisa pameandikwa “Mkoa wa Muyinga”, ilhali tangu 2025 mikoa 18 imekuwa 5 na Muyinga sasa imo Buhumuza. Mchapaji hajagusa fomu yake ya zamani.) Mwajiri akisoma, anaona kijana aliyekaa bure miaka minne akisubiri semina.

Wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania wanaumia zaidi. Wapo waliofundisha watoto au kugawa chakula katika kambi ya Mtabila, iliyofungwa mwishoni mwa 2012, na leo CV zao zinaruka miaka hiyo kana kwamba hawakuwa hai. Kusimamia foleni ya watu wenye njaa bila ugomvi ni kazi ambayo mameneja wengi hawaiwezi.

Kiswahili nacho husukumwa mstari wa mwisho, kama kimeandikwa kabisa. Sheria ya lugha ya 2014 ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, basi mchapaji anakiona cha sokoni. Lakini Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na sehemu kubwa ya shehena yetu hupitia bandari ya Dar es Salaam. Mwenye ghala anahitaji mtu wa kupiga simu Dar, akabishana na wakala wa forodha hadi mzigo utoke. Yule kijana wa Kobero anaweza. CV yake haisemi.

Mtaniambia serikali haipokei maneno matupu. Kweli: ukiomba ualimu wa serikali, diploma ni lazima, na nakala zake zigongwe muhuri. Ila si kila kazi ni ya serikali. Ghala, vituo vya kuoshea kahawa, ushirika, kampuni za malori, hao wanatafuta mtu atakayeanza Jumatatu bila kufundishwa kuhesabu magunia. Cheti cha semina kinathibitisha kwamba ulikuwepo ukumbini, basi.

Andika hivi, ndugu yangu: “2019–2023, muuzaji wa mchele, Kobero. Nilipokea mizigo, niliandika madeni, nilitunza fedha za mauzo.” Chini yake weka namba ya simu ya mfanyabiashara mliyeuziana naye, baada ya kumwomba ruhusa. Usimweke mdhamini yule mheshimiwa wa tarafani asiyekujua hata kwa sura. Na uwe mkweli, maana ukiandika kwamba uliandika madeni, utaulizwa ulifanyaje mdeni alipokana deni, na hapo hakuna fotokopi itakayokujibia.

Nanyi mnaoajiri, acheni kupima mafaili kwa unene. Mkiona mstari usio na cheti, msiukate. Mwulizeni mwombaji alifanya nini hasa, kisha pigeni ile namba aliyoiandika.