Programu umeifuta, mbona benki bado inakata?

Msikilizaji wetu wa Katesh, muuzaji wa vitunguu saumu, ametuonyesha ujumbe wa benki. Fedha imekatwa kwenye kadi yake kwa mwezi wa tatu mfululizo, mpokeaji Google. Yeye anasema hadaiwi na Google. Tulipokaa naye akakumbuka: alipakua programu ya kutengeneza matangazo, akapewa siku 7 za bure kwa sharti la kuweka namba ya kadi. Siku ya tatu akaifuta.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Ukifuta programu, umeiondoa kwenye simu tu. Ruhusa ya kukata inabaki kwenye akaunti yako ya Google, na siku za bure zikiisha makato huanza yenyewe. Tena tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni nchini zinatakiwa kutoza VAT.

Kujitoa kwenyewe si kazi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, sitisha. Ukiwahi ndani ya saa 48 tangu kukatwa, unaweza kuomba Google ikurudishie.

Lakini huyu mwenzetu hana nenosiri. Akaunti alifunguliwa na kijana wa duka siku aliponunua simu, na tukiulizana Dongobesh au Haydom tutawakuta wengi wa namna hiyo. Kadi ni yako, akaunti ni ya mtu mwingine.

Ikifika hapo, nenda benki uombe kadi ifungwe kwa manunuzi ya mtandaoni, na uandike pingamizi. Tusidanganyane: kwa makato ambayo sharti lake ulilikubali, benki inaweza kukukatalia. Usiporidhika na majibu, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinakuruhusu kulalamika Benki Kuu. Kwa manunuzi ya baadaye, sisi tunapendelea kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, unayoiwekea kiasi cha siku hiyo tu. Ikiwa tupu, hakuna cha kukata.

Kijana wa duka amehamia Babati. Namba ya kurejesha nenosiri ni yake, na jana alipopigiwa alisema laini hiyo alishaitupa. Leo asubuhi mwenzetu amekwenda benki kufunga kadi.