Ahadi ya bure nayo ni ahadi: somo la CentOS kwa vijana wa siasa

Tarehe 8 Desemba 2020 mradi wa CentOS, ambao jina lake linamilikiwa na kampuni ya Red Hat ya Marekani, ulitoa tangazo lililowakasirisha mafundi wa seva karibu dunia nzima. Mfumo endeshi wa CentOS Linux 8, ulioahidiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, sasa ungefika mwisho tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ya ahadi ilifutwa kwa tangazo moja. Aliyekuwa ameshahamishia kazi zake huko alipewa mwaka mmoja na wiki tatu atafute pa kwenda.

Najua wapo watakaouliza: hili linatuhusu nini sisi vijana wa siasa? Linatuhusu sana. Hii ni habari ya mwenye nguvu aliyeahidi, akabadili mawazo, na sheria ikawa upande wake. Sisi habari za namna hiyo tunazijua.

Tuanze na jambo lenyewe, kwa wale wasio watu wa TEHAMA. Red Hat inauza mfumo endeshi wa seva unaoaminika sana kwenye mabenki, vyuo na makampuni ya simu. Mteja halipii haki ya kutumia tu, analipia msaada na masasisho ya usalama kila mwaka. Lakini sehemu kubwa ya mfumo huo ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na leseni inamruhusu mtu kuuchukua na kuutumia. Tangu mwaka 2004 watu waliojitolea wakawa wanauchukua msimbo huo, wanaondoa nembo za Red Hat, wanaujenga upya, na kuugawa bure kwa jina la CentOS. Ukawa ni pacha wa ule wa kulipia. Vyuo, maabara, kampuni ndogo na watoa huduma wa tovuti wakauchukua. Ukikodi nafasi ya tovuti kwa bei ya chini miaka ile, uwezekano ulikuwa mkubwa kwamba chini yake kuna CentOS.

Mwaka 2014 Red Hat ikauchukua mradi huo chini ya mbawa zake. Waliokuwa wanaujenga wakapata ajira, na mradi ukapata fedha na bodi. Wengi walishangilia. Lakini alama ya biashara ilikwenda Red Hat, na ndani ya bodi walikaa watu wanaolipwa mshahara na Red Hat. Mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat yenyewe kwa dola bilioni 34. Mwaka uliofuata ndipo likaja lile tangazo.

Kilichobadilika ni nafasi ya CentOS kwenye mto. Zamani ilikaa chini ya mto: Red Hat ikishajaribu kitu na kukitoa kwa wateja wake, ndipo CentOS inakipata. Maji yalifika yakiwa yamechujwa. CentOS Stream, iliyokuja kushika nafasi, inakaa juu ya mto. Mabadiliko yanapita hapo kwanza, kisha ndiyo yanaingia kwenye toleo la kulipia. Red Hat walisema Stream inapimwa vizuri na siyo uwanja wa majaribio, na wapo mafundi wanaoitumia mpaka leo bila shida. Ila mtu aliyechagua CentOS kwa sababu moja tu, kwamba ni sawasawa na ile ya kulipia, alikuwa amebadilishiwa bidhaa mkononi.

Na angalia nani aliumia. CentOS 6 ilimaliza muda wake tarehe 30 Novemba 2020. Fundi mtiifu, anayefuata tarehe, alikuwa amehama kutoka 6 kwenda 8 kabla ya siku hiyo. Siku nane baadaye akaambiwa 8 nayo inakufa. Wakati huohuo yule aliyebaki kwenye CentOS 7, toleo la zamani zaidi, aliambiwa yeye yuko salama hadi Juni 2024. Aliyewahi akaadhibiwa, aliyechelewa akapona. Ndiyo maana hasira ile haikuwa ya watu wanaopenda vya bure, kama baadhi walivyodai. Ilikuwa hasira ya watu waliopanga bajeti, wakakesha usiku wakihamisha seva, wakawaahidi mabosi wao miaka kumi ya utulivu kwa sababu wao wenyewe waliahidiwa hivyo.

Sasa tuje kwenye sheria. Je, mafundi wale wangeweza kwenda mahakamani?

Jibu fupi ni kwamba ingekuwa vigumu sana. Tuchukue sheria ya kwetu kama kipimo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo upande mmoja hautoi kitu chochote ni batili, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Mtumiaji wa CentOS hakulipa hata senti. Kuna kanuni nyingine ambayo kila mwanafunzi wa sheria anakutana nayo mapema, kutoka kesi ya High Trees ya Uingereza ya mwaka 1947: aliyeahidi, na mwenzake akaitegemea ahadi hiyo, asiruhusiwe kuigeuka pale ambapo kuigeuka ni dhuluma. Kanuni nzuri. Lakini mahakama za Uingereza ziliiwekea mpaka baadaye, kwamba ni ngao, siyo upanga. Unaweza kujikinga nayo ukishtakiwa, huwezi kumshtaki mtu kwa kuitegemea hiyo peke yake. Na leseni ya programu zenyewe inatamka wazi kwamba hakuna dhamana yoyote.

Kwa hiyo Red Hat hawakuvunja sheria. Hapo ndipo penye somo, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba likiwa halali limekwisha. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sheria inasema inategemea nani alilipa nini. Kati ya hizo kauli mbili kuna pengo, na mwenye nguvu anaishi ndani ya pengo hilo.

Basi nini kiliwaokoa mafundi? Haukuwa huruma ya kampuni. Iliwaokoa leseni. Leseni kuu ya programu huria, GPL, imeandikwa hivi: aliyepewa programu ana haki ya kupata msimbo wake, kuubadili na kuugawa, na anayempa haruhusiwi kuongeza vikwazo juu ya haki hizo. Haki hiyo haisubiri kibali cha mtu. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akatangaza atajenga pacha mpya. Akauita Rocky Linux kumkumbuka Rocky McGaugh, mwenzake wa enzi za mwanzo aliyekwishafariki. Kampuni ya CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux, kisha ikaukabidhi kwa taasisi isiyo ya faida ambayo wanachama wake wanachagua bodi. AlmaLinux ilitoka Machi 2021, Rocky Juni 2021. Zote mbili zilikuwa tayari kabla ya tarehe ya kifo iliyotangazwa. Red Hat wenyewe, Januari 2021, walilegeza kidogo: mtu binafsi akaruhusiwa kutumia toleo la kulipia bure kwenye mashine hadi 16.

Yaani walioachwa njiani waliweza kujenga gari lingine kwa sababu mchoro wa gari ulikuwa haki yao kwa maandishi. Ungekuwa ni mfumo uliofungwa, wangelipa au wangekaa na seva zisizopata masasisho. Na seva isiyopata masasisho ya usalama ni nyumba iliyovunjika kitasa: leo hakuna mwizi, kesho yupo.

Hadithi haikuishia hapo. Juni 2023 Red Hat walitangaza kwamba msimbo wa wazi kwa umma utakuwa wa CentOS Stream tu. Ule kamili wa toleo la kulipia wataupata wateja. Na mkataba wa mteja una kipengele kinachoweza kumfanya apoteze usajili wake akiugawa msimbo huo kwa wengine. Wanasheria wakavutana. Wapo wanaosema GPL inadai msimbo apewe aliyepewa programu, siyo dunia nzima, na mteja bado ana haki yake ila kampuni hailazimiki kuendelea kufanya naye biashara. Wapo wanaosema kumtishia mtu kwamba ukitumia haki yako nitakufukuza ni kikwazo cha ziada kwa jina lingine. Mimi niko na hawa wa pili. Haki ambayo ukiitumia unapoteza huduma ni haki ya kwenye karatasi. Kijana wa upinzani hahitaji kuelezwa zaidi: uhuru wa kukutana upo kwenye Katiba, ibara ya 20, halafu muulize katibu wa tawi kilichompata alipojaribu kuutumia.

Lakini tuwe wa haki. Red Hat inawalipa wahandisi wengi wanaoandika Linux yenyewe, kazi ambayo sisi sote tunaifaidi. Kampuni iliyoona wapinzani wake wa biashara wanachukua kazi yake, wanabadili nembo na kuuza msaada kwa bei ya chini, ilikuwa na lalamiko lenye mantiki. Na watumiaji wakubwa wenye fedha waliotumia CentOS miaka kumi bila kuchangia chochote nao wana sehemu yao ya lawama. Kubadili sera siyo kosa. Kosa ni kubadili katikati ya muda ulioahidi mwenyewe. Wangesema: toleo la 8 tutalihudumia hadi mwisho kama tulivyosema, ila la 9 halitakuwepo. Watu wangenung'unika, wangepanga, wangehama taratibu.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Alama za vidole vyetu, leseni zetu, matokeo yetu ya mitihani, kodi na rekodi za hospitali zinakaa kwenye seva. Kila seva ina mfumo endeshi, na kila mfumo endeshi una tarehe ya mwisho ambayo haipangwi Dodoma. Hivyo wabunge wetu na madiwani wetu wana maswali halali ya kuuliza. Mfumo huu wa umma umejengwa juu ya nini, na muda wake wa huduma unaisha lini? Mwenye nacho akibadili masharti kesho, mpango wa kuhama ni upi, na umetengewa fedha? Msimbo uliolipiwa na kodi zetu ni mali ya nani, yetu au ya mzabuni? Tukitaka kumwacha mzabuni, data zetu tunaondoka nazo?

Hatuombi serikali ianike hadharani kila seva inaendesha toleo gani. Huo utakuwa ni mwaliko kwa wahalifu. Tunataka mpango wa kutokea uwepo, ukaguliwe, na uwe sharti la zabuni kabla ya sahihi, siyo baada ya maafa.

Na tuanze kwetu. Matawi mangapi ya jumuiya yetu daftari la wanachama liko kwenye simu ya mtu mmoja? Wilaya ngapi zinategemea kundi la WhatsApp ambalo aliyelifungua akinuna, wote tumepotezana? Hatuwezi kudai mlango wa kutokea serikalini wakati ndani ya nyumba yetu ufunguo uko mfukoni mwa ndugu mmoja.

Wenzangu, mambo matatu tuyabebe. La kwanza, ukikaribishwa chini ya mbawa za mkubwa, uliza jina la nyumba limeandikwa nani na viti vya bodi wanakalia akina nani. CentOS ilipata ajira mwaka 2014 na ikapoteza kauli. La pili, haki ya kuondoka iandikwe mapema, wakati mnapendana. La tatu, tarehe inayotangazwa na mtu mmoja inaweza kufutwa na mtu huyohuyo. Watanzania tulitangaziwa kura ya maoni ya Katiba ifanyike tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na hakuna mwananchi aliyekuwa na chombo cha kuilazimisha tarehe ile irudi.

Mafundi wa seva hawakusubiri kuonewa huruma. Walikuwa na leseni mkononi, wakajenga kingine ndani ya miezi sita. Sisi leseni yetu ni Katiba, na bado inaandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine. Ndiyo maana hatuchoki kuidai mpya. Ahadi tumepewa za kutosha. Sasa tunataka maandishi yenye mlinzi.