Uchovu si Fadhila



Juma hili naomba tutafakari juu ya kiti cha pikipiki. Najua baadhi yenu mtatabasamu, kwa kuwa mnaifahamu pikipiki yangu nyekundu ya sentimita za ujazo 125, ile ambayo husikika kigangoni kabla haijaonekana. Kwa zaidi ya miaka ishirini imenifikisha kwa wagonjwa, misibani na harusini. Kiti chake kimeshonwa upya mara tatu, na mgongo wangu unalijua kila shimo la barabara ya vigangoni.

Sina budi kukiri kwamba maumivu yale niliyaonea fahari. Nilipofika mahali nimejaa vumbi, mikono ikitetemeka na masikio yakivuma, watu walisema, "Padre anajitoa kweli." Nami nilipenda kusikia hivyo. Niliuhesabu uchovu kuwa ushahidi wa utumishi.

Mwezi Julai mwaka 2022 nilijiandaa kwenda Njombe kwa basi, kumtazama mzee aliyekuwa katekista wangu nilipokuwa mtoto. Alikuwa mgonjwa sana. Ikatokea kwamba mfanyabiashara mmoja wa mbao wa huko Njombe, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa amenunua pikipiki mpya ya safari ndefu, BMW R 1250 RT, nayo imekwama Morogoro kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Akanipigia simu: "Padre, wewe umezoea pikipiki. Nifikishie hiyo, tafadhali."

Nilipoiona niliogopa. Ina uzito wa kilo 279 na injini ya sentimita za ujazo 1,254, mara kumi ya ile yangu. Nilitumia siku mbili kujifunza kuigeuza na kuisimamisha chini ya uangalizi wa mtu mwenye uzoefu. Siku ya tatu, alfajiri, nikashika njia ya Iringa.

Kilomita za kwanza nilikuwa nikiyasubiri maumivu. Kwenye pikipiki yangu huja kwa utaratibu: kwanza viganja, kisha makalio, kisha kiuno, mwisho shingo. Mikumi ikafika, hakuna kilichouma. Ruaha Mbuyuni ikafika, bado. Ndipo nilipoanza kujiuliza ni nini hasa kilichokuwa kikinichosha miaka yote hiyo.

Jibu la kwanza ni upepo. Dereva asiye na kinga husukumwa kifuani kila sekunde, naye hujishikilia kwenye usukani kama mtu anayening'inia mtini. Mikono na shingo hufanya kazi bila yeye kutambua. Pikipiki ile ina kioo kipana mbele, kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Nilipokipandisha, upepo ulipita juu ya kofia yangu na mabega yakashuka yenyewe. Jibu la pili ni mkao: mgongo wima, miguu karibu chini ya nyonga, magoti hayakukunjwa kupita kiasi. La tatu ni mtikisiko. Injini yake ina silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, na pistoni zake huenda pande zinazopingana kwa wakati mmoja, hata msukumo wa moja ukatulizwa na wa mwenzake.

Utulivu huo haukupatikana kwa siku moja. Kampuni hiyo ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R 32, mwaka 1923, tayari ikiwa na silinda mbili za namna hiyo. Lakini ni mwaka 1976 tu ilipotoa R 100 RS, yenye kinga kamili ya upepo iliyosanifiwa kwa vipimo vya hewa, na mwaka 1978 ikafuata R 100 RT, mama wa ile niliyoiendesha. Wajapani nao waliionyesha Honda Gold Wing mjini Cologne mwaka 1974 ikiwa haina kinga yoyote. Wasafiri wakawa wanajifungia vioo vyao wenyewe, hadi mwaka 1980 kiwanda kilipoanza kuiuza ikiwa na kinga yake. Hivyo wahandisi walifundishwa na migongo ya wasafiri.

Sitaki kuisifu mashine kupita ukweli. Ndani ya hifadhi ya Mikumi nilitupia jicho kipimo cha mwendo nikaona 90, mahali ambapo vibao vinaagiza 50 kwa ajili ya wanyama wanaovuka. Pikipiki yangu ingelikuwa inapiga kelele kwa mwendo huo. Ile ilikuwa kimya. Starehe humficha mtu mwendo wake. Tangu hapo nilisimama kwa makusudi: Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, Ilula kwenye nyanya, kisha Mafinga, ambako baridi ilinikumbusha kuwasha joto la mishikio. Kila mahali nilikunywa maji na kutembea kidogo.

Nilifika Njombe jioni, baada ya kilomita zaidi ya 500. Nilimkuta mzee amelazwa karibu na jiko la mkaa.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Padre, mwanangu. Keti. Huna haraka?"

Sikuwa na haraka, wala sikuwa na usingizi. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mbao, juu ya watoto aliowafundisha. Ilipokaribia saa nne usiku ndipo alipolitoa lililokuwa moyoni. Yeye na mdogo wake hawakusemezana kwa miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa shamba la miti. Akaniomba nimpigie simu. Nilipiga usiku uleule, na kesho yake asubuhi mdogo wake alikuwa ameketi pale nilipokuwa nimeketi mimi. Majuma matatu baadaye tulimzika mzee yule.

Nasimulia haya kwa sababu ya mama mmoja mjane. Miaka minne kabla ya safari ile nilimfikia baada ya kutwa nzima ya barabara mbovu juu ya pikipiki yangu, siku ya pili baada ya mazishi. Alianza kunieleza maneno ya mwisho ya mumewe. Nikasinzia. Nilipozinduka nilikuta amenifunika kitenge chake na kunyamaza. Hakuyarudia tena maneno yale, nami sikuthubutu kumwomba. Siku ile watu walisema Padre amejitoa. Ukweli ni kwamba nilileta mwili tu, masikio niliyaacha njiani.

Huko nyuma mapadre wenzetu walikwisha kuliona jambo hili kwa upande wake wa uchungu zaidi. Padre Paul Schulte, Mjerumani, aliunda shirika la MIVA mwaka 1927 ili wamisionari wapate vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, kufa kwa homa katika nchi ambayo leo ni Namibia, mbali na hospitali. Schulte hakuridhika kwamba taabu ya njiani iwatoshe kuwa sadaka.

Maoni yangu basi ni haya: tuache kuusifu uchovu. Kuna uchovu usioepukika, nao una heshima yake. Ila ule unaoweza kuondolewa kwa sponji, kioo na nusu saa ya kupumzika, tukiung'ang'ania tunawanyima wale wanaotungoja. Nawaza hasa vijana wetu wa bodaboda, wanaokaa juu ya viti vigumu tangu alfajiri hadi usiku kwa sababu lazima wampelekee mwenye chombo hesabu yake. Tunawaita wazembe wanapoanguka. Ninyi mnaomiliki pikipiki hizo, tazameni kiti na shokapu kabla ya kudai hesabu. Mwachieni kijana siku moja ya kulala.

Simwombei yeyote pikipiki kama ile. Bei yake ingenunua ndogo nyingi. Nilimkabidhi rafiki yangu ufunguo nikarudi kwa basi. Pikipiki yangu nyekundu ingali hai, ila sasa ina sponji mpya na kioo kidogo cha mbele, nami husimama kila baada ya saa moja na nusu. Mzee mmoja wa kigango aliniuliza kwa utani, "Padre, umekuwa mlaini?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu. Sasa niambie habari za nyumbani, nina muda."

Nawatakia juma jema, na safari njema kwenu nyote mlio barabarani.