Herufi Kubwa Si Shikamoo

Mwaka jana nilituma hadithi fupi kwa mhariri mmoja. Ilimhusu babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge huko Tanga. Ilirudi baada ya wiki tatu ikiwa imevishwa nguo za Idi. Kila "bwana" limegeuka "Bwana", kila "mzee" limekuwa "Mzee", na hata yule mpishi msaidizi asiye na jina amepandishwa akawa "Mpishi". Pembeni mhariri ameandika: "Tuwape wahusika heshima yao."

Mimi nilikuwa nimeandika kwamba babu alimsikia bwana akiingia jikoni. Sasa imesomeka kwamba alimsikia Bwana akiingia jikoni. Mtu yeyote aliyelelewa kanisani akifika hapo atapiga magoti. Katika Kiswahili cha Biblia, Bwana mwenye herufi kubwa, asiyefuatwa na jina, ni mmoja tu, naye hakuwa akisimamia mkonge.

Basi niseme wazi ninachopinga, kwa maana ugonjwa huu si wa mhariri mmoja. Waandishi wengi wa rika langu tunaamini kwamba herufi kubwa ni shikamoo ya maandishi: ukimwandikia mtu herufi kubwa umemwamkia, ukimwandikia ndogo umempita kama gogo. Si kweli. Herufi kubwa kazi yake ni kuonyesha kwamba neno limekuwa jina. Heshima inakaa kwingine.

Tazama mfano mdogo. "Mama Asha" na "mama yake Asha" huenda ni mtu yuleyule, lakini si maneno yaleyale. La kwanza ndilo jina analoitwa mtaani, sokoni na kwenye kikoba, kwa hiyo lina herufi kubwa. La pili linaeleza uhusiano tu. Ukiandika "Mama yake Asha" katikati ya sentensi, hujamheshimu huyo mama, umemchanganya msomaji. Vivyo hivyo, andika "mwalimu aliingia darasani" na tutaona chaki na fimbo. Andika "alipoingia darasani Mwalimu" na Mtanzania yeyote atamwona Julius Nyerere mlangoni. Cheo chake kimegeuka jina. Huko Roma mambo yalikwenda kinyume: jina la ukoo wa Julius Caesar likageuka cheo, na ndiyo sababu Biblia zetu zina Kaisari ambaye si yeye. Herufi kubwa ndiyo inayotuambia neno limefika wapi katika safari hiyo. Ukiimwaga kila mahali kama chumvi, hatujui tena.

Na kama heshima ingekaa katika herufi kubwa, wazee wetu wa pwani wangekuwa watu wasio na adabu kabisa. Waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa mamia ya miaka, na hati hizo hazina herufi kubwa wala ndogo. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. "Mwana" hapo si mtoto, ni cheo cha bibi mwenye hadhi katika miji ya Lamu, Pate na Siyu. Msomaji wa wakati ule hakupewa herufi ya kumsaidia. Alijua, kwa sababu alijua watu wanavyoitwa.

Hapo ndipo penye kazi, nasi tunaikwepa. Kuchagua herufi ni rahisi, kujua nani anaitwaje, na nani, mahali gani, mwaka gani, kunataka jasho. Nimesoma hadithi za Unguja ya karne ya 19 ambamo Said bin Sultan anaitwa "Sultani" na watu wa nyumbani kwake tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye na warithi wake walijiita Sayyid. "Sultan" lililomo katika jina lake ni jina la baba yake mzazi, Sultan bin Ahmad. Wengine huenda mbali zaidi, wakaona "Sayyid" wakamfanya sharifu wa ukoo wa Mtume, ilhali kwa Al Busaid hicho kilikuwa cheo cha utawala. Herufi kubwa zote zilikuwa mahali pake, na bado kila kitu kilikuwa kimekosewa.

Nimesoma pia kuhusu "Sir Turnbull" akikabidhi Tanganyika. Cheo hicho cha Kiingereza hufuata jina la mtu, hakifuati la ukoo. Gavana yule aliitwa Sir Richard Turnbull, au Sir Richard tu. Mswahili angepaswa kulielewa hilo haraka, maana nasi humwita mtu Bi au Bwana na kumalizia na jina lake mwenyewe.

Au chukua "chifu". Kenya, chifu ni mtumishi wa serikali, anapokea mshahara na ana chifu msaidizi chini yake. Tanzania Bara, mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963. Mhusika wako akimwogopa chifu katika hadithi ya leo, nitajua uko upande gani wa mpaka kabla hujataja mji. Tena neno lenyewe ni blanketi ambalo wakoloni waliwafunika nalo watu wa kila namna. Meli, aliyenyongwa na Wajerumani huko Moshi mwaka 1900, alikuwa mangi. Mirambo alikuwa mtemi. Ukiwaita wote "Chifu", kwa herufi kubwa ya heshima, umeendeleza kazi ya karani wa kikoloni, tena bila malipo.

Najua jibu linalokuja. Kiswahili ni lugha ya adabu, bora kuzidisha heshima kuliko kupunguza. Nakubali ni lugha ya adabu. Ndiyo maana naudhika. Adabu yetu imo katika nani anaanza kuamkia, nani anajibu marahaba, nani anaitwa kwa jina la mtoto wake na nani anaitwa "we!". Imo pia katika kunyima. Mwandishi anayempa kila mhusika heshima sawa amefuta habari yote ya nani alikuwa juu na nani alikuwa chini. Wahenga walisema heshima si utumwa. Lakini ziko nyumba ambamo vitu hivyo viwili vilikaa jiko moja, na kazi ya hadithi ni kuvitenganisha.

Nirudi kwa babu. Mbele ya yule meneja alisema "ndiyo bwana", akiwa amesimama. Jikoni, mbele ya wenzake, alisema "yule bwana", kama unavyosema yule bwana aliyekukanyaga kwenye daladala. Neno lilelile. Kwa kinywa kimoja lilikuwa woga mchana na dharau jioni, na ndani ya dharau hiyo babu yangu alibaki mtu. Mhariri alipoandika "yule Bwana", alimpokonya babu jioni zake zote.

Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967, na shamba likataifishwa. Meneja mpya alikuwa mweusi kama babu, akawakusanya wafanyakazi na kuwaambia kuanzia leo hakuna bwana, sisi sote ni ndugu. Babu alilipenda neno hilo, alikuwa mwanachama mwenye kadi. Lakini jioni ile alimuuliza bibi: "Ndugu gani anakaa mezani, mimi nimesimama na sinia?" Katika hadithi yangu sentensi hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wote. Mhariri aliibadilisha. Meneja sasa alikuwa "Mheshimiwa", ili, kama alivyoeleza, vyeo vilingane katika kurasa zote.

Wenzangu tunaoandika, kabla hujabonyeza kitufe cha herufi kubwa, jiulize mambo matatu. Je, hili ni jina la mtu huyu, au ni kazi yake? Watu wa mahali hapa, mwaka huu, wangemwitaje? Na anayemwita anataka nini kwake? La kwanza litakupa herufi. Mawili yaliyobaki yatakupa hadithi.

Niliirudisha hadithi ikiwa na "bwana" wake wadogo wote na "ndugu" wake mmoja. Haikuchapishwa. Mama yangu ameisoma. Alipofika kwenye sinia alicheka, akasema hivyo hasa ndivyo mzee alivyokuwa akisema, kisha akaomba nimsomee tena ukurasa ule.