Karantini ya nguruwe: kufunga wanajua, kufungua hawasemi

Makamanda, leo tuongee kitimoto. Msicheke. Ada yangu ya mwaka wa kwanza wa sheria ilitoka kwenye banda la mama pale Igamba, Mbozi. Kwetu kahawa ina msimu wake na mahindi yana siasa zake (mliosahau 2017, serikali ilipozuia mahindi kwenda nje, waulizeni wazazi wenu walivyouza). Benki ya nyumbani ni banda la nguruwe.

Ikiingia homa ya nguruwe ya Afrika, benki hiyo inafungwa. Hakuna kusafirisha nguruwe wala nyama, wachinjaji wanasimama, na kuvusha Tunduma kwenda Nakonde, Zambia, ndiyo usahau kabisa. Mimi sipingi karantini. Ugonjwa huu haumwambukizi binadamu, ila hauna tiba na ukiingia bandani unaweza kufagia wote ndani ya siku chache. Ninachopinga ni serikali kufunga biashara ya mtu halafu kuondoka zake.

Nguruwe anakula pumba kila siku, karantini isiwe karantini. Mara ya mwisho tulipofungiwa, nguruwe ambaye mama alishakubaliana na mteja laki mbili na nusu alichukuliwa kwa elfu themanini, usiku, na dalali. "Mama, ukingoja kesho nakupa sitini." Yule nguruwe alipelekwa wapi? Hatujui. Na ndivyo homa inavyosambaa: mfugaji akimwona mmoja kagoma kula, anauza wote haraka kabla afisa mifugo hajafika. Simlaumu. Akitoa taarifa anapoteza kila kitu na hakuna wa kumlipa.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inaipa serikali mamlaka ya kuzuia mifugo kutoka eneo lenye ugonjwa. Sawa. Ila Ibara ya 24 ya Katiba inadai fidia inayostahili mtu akinyang'anywa mali yake. Najua wakili wa serikali atasema karantini si kunyang'anya, nguruwe si bado wako kwako? Darasani hoja hiyo inapata maksi. Haya, tumwachie. Bado kuna Ibara ya 18, haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha na shughuli zetu. Karantini yetu ilitangazwa kwa kipaza sauti. Kwamba imeisha, tulisikia kwa dalali yuleyule, akiwa ameshanunua mtaa mzima.

Tudai hivi: amri iandikwe na ibandikwe ofisi ya kijiji, iwe na tarehe ya kupitiwa upya, na anayetoa taarifa mapema alipwe kwa nguruwe watakaoteketezwa.

Mimi nimeshaandika barua kuomba nakala ya amri iliyotufunga. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kujibu. Wakijibu nitaiweka hapa. Wasipojibu, nitaweka barua yangu na muhuri wao wa kupokea.