Kilomita 80 si Nusu ya Kilomita 160

Imani iliyoenea katika mashindano ya ustahimilivu wa farasi, yaani safari za ushindani za masafa marefu porini na misituni, ni kwamba farasi aliyemaliza umbali mfupi akiwa mzima amekwisha kuthibitisha kuwa anauweza umbali unaofuata, na kwamba mpandaji anayebaki kwenye kilomita 40 au 80 mwaka baada ya mwaka ni mtu aliyekwama. Imani hii ni potofu, na gharama yake hulipwa na farasi, ambaye hakuulizwa.

Heshima ya kilomita 160 ina historia yake. Tangu mwaka 1955 mbio za Tevis Cup huko California zimekuwa zikiwatunuku waliovuka milima kwa umbali wa maili 100 ndani ya siku moja, na kipimo hicho kikawa kilele cha mchezo mzima. Ilivyozoeleka Amerika Kaskazini, kilomita 80 humalizwa ndani ya saa 12 na kilomita 160 ndani ya saa 24, mapumziko yakiwa yamehesabiwa humo. Na kwa kuwa mwendo unaohitajika ni uleule, kama kilomita 7 kwa saa, wengi hudhani kwamba safari ya pili ni ile ya kwanza iliyorudiwa mara mbili.

Mwili wa farasi haufuati hesabu hiyo. Kila mwisho wa kipande cha safari daktari wa mifugo humpima farasi: mapigo ya moyo, ambayo kwa kanuni za kimataifa hutakiwa kushuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, sauti za utumbo, unyevu wa ufizi, na namna anavyokwenda matiti, ule mwendo wa kati ya kutembea na kwenda shoti ambao hufichua kuchechemea. Kipimo hiki ni cha lazima na kimeokoa farasi wengi, lakini hujibu swali la siku ile tu. Moyo na misuli huimarika kwa mazoezi ya majuma na miezi, ilhali mifupa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, huimarika polepole mno, kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo farasi ambaye mapigo yake hushuka upesi kupita wote anaweza kuwa ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu moyo wake unampa mpandaji ruhusa ambayo miguu haijaitoa.

Maji na chumvi navyo vina hesabu yake. Jasho la farasi hubeba chumvi nyingi, na akiba ya maji aliyonayo hukaa kwa sehemu kubwa katika utumbo mpana, hivyo anayeanza kilomita ya 81 huanza na upungufu wa kilomita zote zilizotangulia, mara nyingi usiku, akiwa amepoteza hamu ya kula.

Kwa mpandaji wa Richmond Hill, kaskazini mwa Toronto, kishawishi cha kuongeza umbali haraka ni kikubwa. Sehemu ya mji huo imekaa juu ya Oak Ridges Moraine, tuta la mchanga na kokoto lililoachwa na barafu ya kale, ambalo urefu wake, kwa sadfa, ni kama kilomita 160, na upande wake wa mashariki uko msitu wa Ganaraska wenye njia ndefu za farasi. Lakini ardhi huganda kwa miezi mingi, na ufupi wa msimu huwasukuma watu kupanda ngazi mbili katika kiangazi kimoja, tena kiangazi chenye joto la unyevunyevu. Joto la namna hiyo halina masihara: Septemba 2018 mbio za dunia huko Tryon, North Carolina, zilivunjwa zikiwa zinaendelea.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja ya kweli, kwamba kilomita 40 hata zikirudiwa vipi haziwezi kumfundisha farasi kula, kunywa na kutulia usiku. Ni kweli, na siku ya kwenda mbali lazima ifike. Ila siku hiyo hupangwa na umri wa kazi aliyoifanya farasi kwa mwendo wa taratibu, wala haipangwi na cheti cha kumaliza. Hata huko Bouthieb, uwanja wa mashindano haya Abu Dhabi, ambako spidi ilifungwa isizidi kilomita 20 kwa saa na kikomo cha mapigo ya moyo kikashushwa hadi 56, waandaaji walikiri kwa vitendo kwamba umbali peke yake haukuwa tatizo. Waliamua hivyo katika nchi ambayo shirikisho lake la farasi lilikuwa limesimamishwa kimataifa mwaka 2015 kwa madhara yaliyowapata farasi.

Basi mwenye farasi aliyemaliza kilomita 80 vizuri mwaka huu na amrudishe kwenye kilomita 80 mwakani, polepole, na mwaka wa kufuata tena, na asikubali mtu yeyote amwambie kwamba amekwama.