Mbwa Hafundishwi kwa Mawe

Wapo wanaodai ati mbwa wetu wa nyumbani ni wajinga: ukimrushia mpira anakutazama tu, au anatimua mbio. Mimi nasema la! Mbwa wa kwetu ametupiwa mawe tangu angali mdogo. Akiona mkono umeinuka, atajuaje kuwa leo ni mchezo?

Simba wetu nilimfunza hivi likizoni. Kwanza nilibingirisha mpira chini, hatua mbili tu, bila kuinua mkono. Alipounusa nikampa kipande cha ugali. Alipoushika kwa meno, kingine. Alipotoroka nao sikumfukuza, maana angedhani huo ndio mchezo wenyewe. Niligeuka nikaenda zangu, naye huyo, akanifuata mbio! Tukabadilishana: lete mpira, chukua ugali. Dakika tano kila siku, basi. Tuliacha kabla hajachoka.

Wengine watasema huko ni kumdekeza. Je, fimbo ingemfunza nini ila kukaa mbali nami? Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Ndugu zangu, tuweke mawe chini kwanza, ndipo tuwalaumu mbwa kwamba hawajui kucheza.